Semeni kwa Kinywa: Barua kwa Vijana wa Walukuba Wanaokwenda Ujerumani

Wajukuu zangu,

Mnaniita Jaja, na kwa jina hilo nachukua ruhusa ya kuwaandikia mbele ya watu wote, ili wazazi wenu nao wasome. Novemba hii mtaondoka hapa Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, Uganda, mlale wiki tatu katika nyumba za watu msiowajua, kaskazini mwa Ujerumani, kila mmoja na familia yake. Ngoma mnazozipeleka mnazijua, hilo halinipi wasiwasi. Kinachoninyima usingizi ni meza ya chakula.

Mwaka 1994 nami nilipokelewa hivyo, wiki sita, kwa mama mmoja na watoto wake wawili karibu na Bremen. Jioni ya kwanza alinipakulia supu, nikaimaliza. Akaniuliza kama naongeza. Nikasema hapana, asante, kama nilivyolelewa: mgeni hukataa, mwenyeji humsihi, mgeni hukataa tena kidogo, ndipo sahani inajazwa. Yule mama akafunika sufuria, akaiondoa mezani. Nililala na njaa nikimwona mchoyo. Zilipita siku nne kabla sijaelewa kwamba alikuwa ameniheshimu. Nilisema hapana, naye akaniamini.

Kwetu adabu ya mtoto hukaa katika kunyamaza. Msichana wa Kiganda hupiga magoti na kuinamisha macho. Mtoto aliyelelewa vizuri haombi maji, husubiri mkubwa aone kwamba ana kiu. Wenyeji wenu hawataweza kuyasoma hayo. Wao humpa mtu mkono na kumtazama usoni, na anayetazama sakafu humdhania ana huzuni, au hakuipenda nyumba yao. Kwa hiyo semeni. Una njaa, sema. Umeshiba, sema. Baridi inakuuma usiku, omba blanketi la pili. Hujaelewa walichosema, uliza tena hata mara tatu.

Mlio Waislamu mwambieni mratibu wa safari sasa hivi, msingoje kufika mezani, kwamba hamli nguruwe. Nyumba nyingi kule jioni hawapiki. Huweka mkate mweusi, jibini na vipande vya nyama baridi, na nyingi ya nyama hizo na soseji ni za nguruwe. Huo mkate ndio chakula chenyewe cha usiku. Ule ushibe, usibakize nafasi ukidhani kuna sufuria jikoni.

Sasa saa. Hili nalirudia kila nikiwaona na nitalirudia tena. Mjerumani akisema “halb sieben”, neno kwa neno ni nusu saba, lakini maana yake ni nusu ya kuelekea saba: saa kumi na mbili na nusu kwa hesabu yetu. Mimi nilisikia saba na nusu, nikaja saa moja na nusu jioni. Nilimkuta yule mama amesimama dirishani amevaa koti, tayari kutoka kunitafuta gizani. Watoto walikuwa hawajala, wananingoja. Hakunigombeza. Alivua koti, akapasha chakula moto, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Hadi leo naiona mikono ile. Mkiambiwa saa, iandikeni kwa tarakimu kwenye karatasi, mwonyesheni, aseme ndiyo.

Giza nalo lijueni mapema. Sisi wa karibu na ikweta jua hutoka na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima. Kule mwishoni mwa Novemba linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Siku ya tano au ya sita kifua kinaweza kuwa kizito bila sababu. Usijifungie chumbani na simu. Shuka ukae nao sebuleni, mwambie mama wa nyumba umekumbuka kwenu. Nyumbani pigeni, ila kumbukeni sisi tuko mbele yenu saa mbili. Saa nne yenu ya usiku ni saa sita kwetu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe hupewi, ni wewe wa kuliomba. Waulize sahani zinaoshwa vipi, taka ya karatasi inakwenda pipa lipi na ya maganda lipi. Chupa tupu za plastiki msizitupe: nyingi zina amana ya senti 25 za euro, hurudishwa dukani. Jumapili maduka mengi hufungwa na watu hutaka utulivu, basi ngoma zipumzike.

Watakaowauliza habari za Idi Amin watakuwepo. Msikasirike. Jibuni kwamba alitawala 1971 hadi 1979, kwamba hata wazazi wenu wengi walikuwa bado hawajazaliwa, kisha waelezeni Walukuba: wazee waliotoka kila pembe kufanya kazi viwandani Jinja, na Kiswahili kikawa lugha ya uani.

Wazazi, nawasihi kwa upendo: msiwatume watoto kuomba karo. Familia iliyofungua mlango wake isigeuziwe bakuli. Mtoto akirudi na rafiki, huyo rafiki anatosha.

Na hili nalisema polepole. Ikiwa katika nyumba yoyote mtu anakushika usivyotaka, anaingia chumbani unapovua nguo, au anataka kukutunzia pasipoti, usiku huohuo mpigie mratibu. Simu haishiki, piga 112, namba ya dharura ya kule. Sisi wazee tumewafundisha kuvumilia, na mara nyingine tuliwafundisha vibaya. Hakuna atakayewauliza hapa Walukuba kwa nini mliwaaibisha wenyeji. Akiuliza, mleteni kwangu.

Zawadi: kahawa ya Bugisu na kitambaa cha lubugo vinatosha, na mjue kueleza kwamba lubugo ni gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo. Nyama na maziwa acheni, Ulaya hawaruhusu viingie mizigoni.

Jumamosi baada ya alasiri njooni kwangu nyote, kila mmoja na sweta lake nilione. Nimeshusha saa ya ukutani. Nitaisogeza mishale, nanyi mtanitajia saa kwa Kijerumani, mmoja mmoja, mpaka “halb” iwakae vichwani. Chai itakuwepo, na atakayetaka kuongezewa aniombe.