Insulini isitangulie chakula

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaulize wasimamizi wa hospitali: utafiti kuhusu sukari ya damu na insulini, dawa ya kuishusha, ukishatoka, ni kazi ya nani kuufikisha kitandani kwa mgonjwa?

Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya utafiti wa NICE-SUGAR, uliofanywa kwa wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000. Waliobanwa kwa insulini sukari ibaki kati ya 4.5 na 6.0 (kwa kipimo cha mmol/L) walifariki asilimia 27.5 ndani ya siku 90. Wale ambao lengo lao lilikuwa isizidi 10, asilimia 24.9. Sukari kushuka vibaya iliwapata asilimia 6.8 ya kundi la kwanza na 0.5 ya kundi la pili. Hata hivyo, bado tunahojiwa kwa ukali zaidi mgonjwa akiwa na 9 kuliko akishuka hadi 3.

Wodini hatari kubwa iko kwenye saa. Zamu ya usiku inapima sukari alfajiri ili iwahi kukabidhi, insulini inachomwa kwa kipimo hicho, chakula kinakuja baadaye sana. Unakuta shuka imelowa jasho, mikono inatetemeka, mgonjwa ukimwita jina anakutazama tu. Unapima: 2.6. Halafu unaanza kumtafuta daktari aandike glukosi, sukari ya kumpandisha!

Matibabu yenyewe yanajulikana. Anayeweza kumeza apewe gramu 15 za glukosi, apimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini arudiwe. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu; huyo glukosi yake hupitia mshipani. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuanza haya yote akiwa na mwongozo uliosainiwa, na daktari akaarifiwa huku mgonjwa akihudumiwa.

(Na kidole kioshwe kabla ya kutobolewa. Utomvu wa tunda ukibaki kwenye ngozi, mashine husoma sukari isiyokuwamo kwenye damu, na dozi huongezwa bure.)

Ninachoomba si mashine mpya. Tupewe mwongozo huo kwa maandishi, glukosi ikae wodini badala ya kufungiwa stoo, na jikoni watuarifu chakula kinapotoka ili tupime na kuchoma wakati huo. Mkutano wa wauguzi na watu wa jikoni unatosha kuanzia.

Muuguzi, wodi ya magonjwa ya ndani