Hoki si kandanda, nyota wanne wanatosha kuzamisha timu

Mhariri,

Orodha ya nyota wanne wa kusajili, kila mmoja kwa dola milioni 10.5 kwa msimu, kwenye gemu za umeneja wa hoki ya barafuni, iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa vijana, imeandikwa kwa akili ya kandanda. Vijana wa Malindi wanaoifuata vibandani, kuanzia Shella hadi Maweni, watakuwa na timu tamu msimu wa kwanza na magofu msimu wa tatu.

Ligi ya NHL, ile kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ambayo Eastside Hockey Manager na gemu za NHL za EA Sports zinaiiga, haina ada ya uhamisho. Unatoa mchezaji upewe mchezaji, au unatoa zamu yako ya kuchagua chipukizi kwenye uteuzi wa kila mwaka. Halafu kuna kikomo cha mishahara, kimoja kwa timu zote 32. Kilianza 2005 kwa dola milioni 39, baada ya wamiliki kufunga ligi msimu mzima, na msimu wa 2025-26 kilifika milioni 95.5. Uwe na pesa usiwe nazo, mzigo ni huo huo. Mwenye jahazi anaweza kuwa na uwezo wa kununua boriti zote za Lamu, lakini chombo kitabeba kadiri ya ukubwa wake.

Sasa pigeni hesabu ya ile orodha. Nyota wanne kwa milioni 10.5 kila mmoja ni milioni 42. Zinabaki 53.5 za kugawia wachezaji 19, kwani kikosi mwisho ni 23. Hiyo ni kama milioni 2.8 kwa kichwa, na humo mna kipa na mabeki wa kutegemewa. Haitoshi, mpaka uwe na watoto wanaocheza vizuri kwa bei ya chini. Watoto hao huwapati sokoni, unawapata kwa maskauti, watafuta vipaji wako. Chipukizi akisaini mkataba wake wa kwanza akiwa na miaka 18 hadi 21, mkataba huo ni wa miaka mitatu na mshahara wake wa msingi una kikomo; kwa waliochaguliwa 2025 haukuzidi milioni 1. Mmoja wa hao akiingia safu ya pili, umeokoa pesa za kumlipa beki mzima. Ndiyo maana kuutazama ukurasa wa skauti wa gemu bila ule wa mishahara ni kosa.

Kosa la skauti ni kuwatawanya. Ukimtuma mmoja Kanada, mwingine Uswidi, mwingine Ufini, mwingine Urusi, na kila mwezi ukawahamisha, utarudishiwa majina mia na usijue hata moja kwa uhakika. Mvuvi anayehamisha dema kila asubuhi hajui mwamba gani una samaki. Chagua maeneo mawili au matatu, waache huko miezi, na kuanzia Januari wape majina thelathini tu wayatazame tena na tena. Kabla ya kumwajiri skauti kwenye Eastside, angalia alama zake mbili: ya kupima uwezo wa sasa na ya kupima uwezo wa baadaye. Kwa chipukizi hiyo ya pili ndiyo kila kitu. Mwenye 17 hapo ana thamani kuliko watatu wenye 10, maana hao watatu watakubaliana kwenye makosa.

Tazama pia tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo karibu kila mtu hulipita. Walioingia kwenye uteuzi wa 2025 kwa mara ya kwanza ni waliozaliwa kati ya 16 Septemba 2006 na 15 Septemba 2007. Wawili wenye alama sawa wanaweza kupishana karibu mwaka mzima, na yule mdogo bado ana mwaka wa kukua. Makipa wasikuharakishe, huchelewa kukomaa. Raundi ya kwanza usiwaguse ila awe wa ajabu kweli.

Akishasaini, hesabu mechi zake. Kijana wa miaka 18 au 19 asiyefikisha mechi 10 za NHL msimu huo, mkataba wake husogea mbele mwaka mmoja, yaani msimu huo hauhesabiwi kwenye ile miaka mitatu. Ukimpanga ya kumi kwa sababu winga wako kaumia, umekula mwaka wake wa bei rahisi kwa mechi moja. Rudisha mtoto kwenye timu yake ya vijana baada ya ya tisa.

Kuna wanaosema ukikosea utavunja mkataba. Mwenye miaka 30, amebakiza miaka miwili ya milioni 6 kila mmoja: unamlipa theluthi mbili ya hizo 12, yaani milioni 8, kwa miaka minne. Milioni 2 zinakaa kwenye kikomo chako kila mwaka na mtu mwenyewe keshakwenda. Afadhali umtoe kwa timu nyingine ukiendelea kubeba sehemu ya mshahara. Mwisho ni nusu, na mikataba ya aina hiyo isizidi mitatu kwa wakati mmoja.

Mikataba ya chipukizi isiishe yote kiangazi kimoja. Na mwishoni mwa Juni, kabla soko la wachezaji wasio na mkataba halijafunguliwa tarehe 1 Julai, watumie wale waliomaliza mkataba wa kwanza ofa mpya ya kulinda haki yako juu yao. Ukisahau wanaondoka bure, na kazi ya skauti ya miaka minne inaenda nao.

Mkichapisha orodha nyingine, pembeni ya kila jina wekeni mshahara, umri, na mwaka mkataba unapoisha.

Mchezaji wa gemu,
Malindi