Shula wa pasi 7 na Shula wa pasi 50

Hamisi kaka,

Mambo? Huku Minneapolis theluji imeanza, nimeisikiliza voice note yako kwenye basi mikono imekufa ganzi, ile ya mpira wa Kimarekani unayosema "timu inayokimbiza mpira zaidi ndo inashinda, takwimu zipo", yani inayobeba mpira na kukimbia nao badala ya kurusha pasi. Takwimu zipo kweli, ila umezisoma kinyumenyume bwana.

Mchukue Don Shula tu, aliyekuwa kocha wa Miami. Januari 1974, Super Bowl, ile fainali, na Vikings timu ya huku (hapa mjini usiitaje hiyo mechi mbele ya wazee), kotabeki wake, yule mrusha pasi, Bob Griese alirusha pasi 7 mechi nzima, saba! Mzigo wote kabebeshwa mkimbiaji Larry Csonka, alibeba mpira mara 33, yadi 145, wakashinda 24-7. Kuna tachidauni moja (kuingia na mpira mwisho wa uwanja, ndo bao lao) Griese alisahau mpira unarudishwa kwake kwa hesabu ya ngapi, akamuuliza Csonka, jamaa naye akamtajia siyo, mpira ukamfikia hajajipanga, akababaika akampa Csonka hivyo hivyo na bado akaingia nao, aisee.

Haya, Januari 1985, Shula yuleyule, Super Bowl nyingine, sasa ana Dan Marino aliyetoka kurusha yadi 5,084 kwenye msimu. Pasi 50, wakakimbia mara 9 tu, wakalala 38-16 kwa San Francisco. Najua utasema si unaona, wangekimbia! Hapana kaka. 1974 robo ya kwanza tu ilikuwa 14-0, na ukishaongoza unakimbiza mpira ili muda uliwe, maana pasi ikidondoka saa inasimama. 1985 wanaenda mapumziko wako nyuma 28-16, sasa hapo nani atabeba mpira kifuani yadi tatu tatu? Yani hawakufungwa kwa sababu hawakukimbia, walikuwa wanafungwa ndo maana wakaacha kukimbia.

Alafu katikati hapo sheria zilibadilika, 1978. Zamani beki anamsukuma mpokeaji njia nzima mpaka mpira uwe hewani, wakasema mwisho yadi 5, na wale majitu wa mbele wakaruhusiwa kunyoosha mikono kumlinda kotabeki. Pasi zikawa rahisi, na Shula hakuwa mjinga, alifuata upepo.

Na usinitupie Saquon Barkley, mkimbiaji wa Eagles, najua unakuja naye. Yadi 2,005 msimu wa 2024, sawa, ila Super Bowl yenyewe Chiefs walimbana, mara 25 yadi 57, mpira ukapita juu kwa pasi za kotabeki Jalen Hurts, Eagles wakashinda 40-22. Hapo nakupa nusu pointi, ukiwa na mtu kama yule mabeki hawalali, wanamkodolea yeye tu.

Jumapili mechi zinaanza saa 3 usiku kwenu. Fanya hivi, hesabu mbio za robo ya kwanza peke yake, za robo ya mwisho zipotezee, alafu nitumie uone kama hiyo hesabu yako bado inasimama. Msalimie mama, mwambie yale masweta yamefika.

Wako,
Idi