MALALAMIKO: TREKTA DOGO MLILONIUZIA NA MANENO YA KIJANA WENU WA KAUNTA

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima kabisa, ila mnisamehe nikipandisha sauti mahali, maana nikikumbuka tu mkono unatetemeka.

Trekta mnalijua na masharti ya waranti mmeandika wenyewe, siwezi kuwasomea. Shamba liko Njombe, na Njombe mnapajua, tambarare ya kutafuta kwa tochi. Afisa mauzo wenu alikuja akauona mteremko wangu wa viazi kwa macho yake, akasema hili litapanda bila shida. Kupanda linapanda. Kasheshe ni kushuka.

Dereva anashuka na haro, ile ya kuvunjia mabonge ya udongo, nyuma, kakanyaga breki, tairi moja la nyuma likashika jingine likaendelea, trekta likageuka ubavu na tairi la upande wa juu likanyanyuka naliona hivi hivi, lisingekutana na kisiki leo tungekuwa msibani. Kumbe zile pedali mbili za breki zina kifungo cha kuziunganisha na kwenye mteremko lazima kifungwe, fundi wenu aliyelishusha hakukifunga wala hakusema kama kipo. Fremu ya nyuma ya siti, ya kumkinga dereva trekta likipinduka, ilikuja imelazwa kwenye lori ikabaki imelazwa. Rimu za nyuma zinageuzwa ili trekta litanue miguu, nyie mmeziacha zimebana kwa ndani, na matairi hayana hata tone la maji la kulipatia uzito chini. Haya yote kaniambia fundi wa mtaani!

Sasa kaunta. Nimefika na risiti, watu wamejaa, nikaeleza kwa utaratibu, kijana wenu hata macho hajatoa kwenye simu akasema, "Mama, mlima sio kosa letu, kamlete mzee tuongee naye." Watu wakacheka.

Na kabla ya hapo nilishapiga simu sana, mara mhusika yuko fildi, mara atakupigia, wakati siku za kulipa advansi mlikuwa mnapokea hata haijaita vizuri.

Narudia hiyo ya kaunta maana nataka muisikie kama nilivyoisikia mimi. Nimesimama, risiti ina jina langu, hela ni ya viazi vyangu, halafu mtoto ninayeweza kumzaa ananiambia kamlete mzee. Mzee yupi? Mume wangu nilishamzika. Akarudia kwa sauti ili na wa nyuma wasikie, "kamlete mzee", kisha akaita mteja anayefuata, mimi bado nimesimama pale pale.

Naomba fundi aje ageuze rimu, ajaze maji, asimamishe fremu, akae na dereva wangu mteremkoni amfundishe kushuka na gia namba moja bila kugusa klachi. Na huyo kijana aniombe radhi hapo hapo kaunta, watu wakiwepo.

Tena hapana, hiyo haitoshi. Mvua zimeanza, nalimisha kwa vibarua na trekta liko chini ya turubai, hela ya vibarua mtanilipa. Mkikaa kimya mpaka Ijumaa ijayo nataka hela yangu yote, na barua hii naipeleka Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na video aliyochukua binti yangu tairi likiwa hewani. Lori la kuja kulibeba ni lenu, na mafuta ni yenu.

Mteja wenu,
Mwenye jina kwenye risiti