Kiinua mgongo changu nakipeleka Changamwe

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Hapa Mombasa sote wazima, bibi yako akusalimu sana. Uliniuliza kwenye simu kwa nini nisipumzike, badala ya kumwaga kiinua mgongo changu kwa mafundi wa Changamwe. Jibu ni refu, ndiyo maana nakuandikia.

Mamako muuguzi ameishi thieta, chumba cha upasuaji. Humo hakuna kifaa nilichokihofia kama mashine ya kufyonza. Hiyo ndiyo huondoa damu daktari apate kuona anapokata, na ndiyo husafisha koo mgonjwa apate kuvuta pumzi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ikanyamaza na koo limejaa, dakika chache tu zatosha kumpoteza mtu.

Nimeziona zikifa, tena kwa vitu vidogo. Moja ililetwa ya msaada kutoka Marekani, ya volti 110. Ilichomekwa kwenye umeme wetu wa 240, ikatoa moshi. Lakini nyingi huuawa na boya. Ndani ya mfuniko wa chupa mna kiboya. Chupa ikijaa, hupanda kikaziba njia ili uchafu usifike kwenye pampu. Kikidondoka wakati wa kuosha na kikapotea, damu huingia ndani, basi tena. Kiboya chenyewe wakifumbata mkononi! Spea haipatikani, mashine nzima yatupwa stoo, na hewa ya chumvi huimalizia kwa kutu.

Sasa twaunda yetu, ya kukanyaga kwa mguu, isiyotaka umeme. Kiboya tumekitia ndani ya kizimba kilichoshikamana na mfuniko: chafunguka kuoshwa, hakibanduki. Mpira wa kupitishia uchafu ni wa silikoni, maana huo hustahimili mvuke wa nyuzi 121 za otoklevu, mashine ya kuulia vijidudu kwenye vifaa. Skrubu zote ni za chuma cha pua na za saizi moja, ili muuguzi aliye peke yake kwenye zahanati ya kisiwani aifungue kwa bisibisi moja.

Hatutauza hata moja kabla ya Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa na vifaa vya tiba nchini, kuisajili. Kuna pia kiwango cha kimataifa cha mashine za kufyonza, ISO 10079, ambacho sehemu yake ya pili inahusu hasa mashine za kuendeshwa kwa nguvu za mtu. Fundi wangu hayapendi makaratasi, lakini mimi nimezoea kuhesabu pamba na makasi kabla tumbo halijafungwa. Kila mashine itakuwa na nambari, na jina la aliyeiunga litaandikwa daftarini.

Mfanyabiashara mmoja alikuja akitaka tuagize za bei rahisi, tubandike jina letu. Nimemkatalia. Siwezi kumpa muuguzi mwenzangu kitu nisichojua kitakapovunjikia.

Usiogope, nyumba ya Kisauni haiguswi, na fungu la matibabu yangu nimelitenga.

Nina ombi, mhasibu wangu. Nipigie hesabu ya mashine moja ikiwa na spea za miaka mitano ndani yake: mpira, kizimba, vali. Nataka bei ambayo zahanati ndogo itaimudu bila kungoja msaada, na mafundi wangu nao wapate mshahara wa haki. Nimekutumia risiti zote. Nijibu kabla ya Idi, maana mwenye kuuza silikoni ataka kujua tutachukua mita ngapi.

Akupendaye,
Mamako