Aliyekosea bei ndiye abebe gharama ya kosa lake

Bwana Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalozidi kuwasumbua wakazi wa Lubumbashi wanaonunua vitu kwa njia ya mtandao. Muuzaji anatangaza bei, anapokea pesa, anathibitisha agizo, halafu siku chache baadaye analifuta akidai kwamba bei ilikosewa. Sikatai kwamba kosa la kweli linaweza kutokea. Ninachokataa ni desturi hii inayojengeka ya kumtwisha mnunuzi hasara ya kosa ambalo hakulifanya.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Mama mmoja, jirani yetu hapa Katuba, ambaye huuza maji ya baridi na samaki wa barafu, aliona friza kwenye duka moja la mtandaoni la hapa mjini kwa dola 285. Bei hiyo iliandikwa chini ya picha, ikaonekana tena kwenye kikapu, na ikarudiwa katika ujumbe wa kuthibitisha baada ya yeye kulipa kwa simu kwa pesa za zamu yake ya likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Siku aliyoahidiwa kuletewa mzigo, akapata ujumbe wa mistari miwili kwa Kifaransa ukisema kwamba agizo limefutwa, bei halisi ni dola 385, na akiitaka friza aongeze dola 100. Alipokataa, aliambiwa pesa zake zitabaki kwenye akaunti yake ya dukani ili achague kitu kingine. Akazidi kudai. Mwishowe alirudishiwa kwa faranga, ingawa alikuwa amelipa dola, tena kwa kiwango cha kubadilisha alichokipanga muuzaji mwenyewe, na gharama za kutuma na kutoa pesa zikakatwa humohumo. Friza hiyohiyo iliendelea kuonyeshwa kwa dola 285 hadi kesho yake.

Sheria ya nchi yetu ina la kusema hapa. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo mahakama zetu bado zinaitumia, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanyika kihalali ni sheria kwa waliopatana, na kwamba ni lazima yatekelezwe kwa nia njema. Dekreti hiyohiyo inaeleza kwamba mauzo hukamilika mara tu pande mbili zinapokubaliana kuhusu kitu na bei yake, hata kama kitu hakijakabidhiwa na bei haijalipwa. Katika mfano wangu bei ilikuwa imeshalipwa yote. Ama kuhusu kosa, dekreti haisemi kwamba kila kosa huvunja mkataba. Inataka kosa liguse kiini chenyewe cha kitu kilichouzwa. Muuzaji wa friza alijua anauza friza gani, ya ukubwa gani, na kwa nani. Kujutia bei baada ya kupokea malipo si kosa la aina hiyo.

Wapo watakaosema kwamba bei inayoonyeshwa dukani ni mwaliko tu, na kwamba mkataba haupo mpaka muuzaji akubali. Hivyo ndivyo mahakama za Uingereza zinavyolitazama jambo hili. Lakini sisi hatukurithi sheria ya Uingereza. Katika mapokeo tuliyoyapata kwa Wabelgiji, anayetangazia watu wote kitu kinachojulikana kwa bei inayojulikana ametoa ofa, na anayeikubali amefunga mkataba. Na hata tukifuata hoja ya Waingereza, muuzaji aliyepokea pesa na kutuma ujumbe wa kuthibitisha angewezaje kusema kwamba alikuwa hajakubali?

Haki ya mnunuzi nayo ina mpaka, na ninautetea mpaka huo kwa moyo uleule. Mwezi Januari 2003 kampuni moja ya Singapore ilionyesha kwenye tovuti yake printa ya leza kwa dola 66 za Singapore, wakati bei yake ya kweli ilikuwa dola 3,854. Watu sita waliokuja kuishtaki kampuni hiyo walikuwa wameagiza printa 1,606 kwa jumla, tena usiku wa manane. Mahakama Kuu mwaka 2004, na Mahakama ya Rufani mwaka 2005, ziliwanyima ushindi kwa sababu walijua kwamba bei ile ilikuwa kosa na wakakimbilia kufaidika nalo. Naona hukumu hiyo ni ya haki. Mtu anayeliona kosa la mwenzake na kulivizia hawezi kuja baadaye kudai nia njema.

Lakini wauzaji wetu wanapenda kujificha nyuma ya mifano kama hiyo hata pale isipowahusu. Upo mfano mwingine. Mwezi Januari 2002 kampuni ya Kodak ilionyesha kwenye tovuti yake ya Uingereza kamera kwa pauni 100 badala ya pauni 329, ikapokea maagizo ya watu wengi, na kwanza ikakataa kuyatimiza. Wanunuzi walishikilia kwamba kamera ilitangazwa kama ofa maalum na kwamba walikuwa wametumiwa uthibitisho. Kodak ikarudi nyuma na kuwauzia kwa bei ile ya pauni 100. Kipimo basi ni hiki: je, mnunuzi wa kawaida angeweza kuamini kwa moyo safi kwamba bei ile ni ya kweli? Mjini hapa bei za friza hupanda na kushuka kufuatana na mizigo inayopita mpakani Kasumbalesa, kiwango cha dola, na haraka ya mfanyabiashara kumaliza stoku. Tofauti kati ya dola 285 na 385 mtu huikuta akitoka duka moja kwenda jingine. Hakuna anayeweza kumlaumu mama yule kwa kuiamini.

Kwetu kuna hatari ya pekee, kwa kuwa tunatumia sarafu mbili. Bei ya dola ikiandikwa kwa bahati mbaya kuwa ni ya faranga, simu ya dola 150 inakuwa simu ya faranga 150, na kila mtu anatambua kwamba hiyo si bei. Hapo muuzaji afute agizo, na afute mara moja, kabla ya kukaa na pesa za watu. Lakini hata hapo arudishe kila kitu, kwa sarafu ileile iliyolipwa, pamoja na gharama za kutuma na kutoa pesa, bila kumlazimisha mtu kununua kitu kingine. Kosa ni la duka, na duka ndilo lililokuwa na nafasi ya kuisoma bei yake kabla ya kuitangaza. Na anayedai kwamba alikosea ndiye anayepaswa kuonyesha ushahidi wa kosa lake. Mnunuzi hawezi kuthibitisha yaliyomo katika vitabu vya mwingine.

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inampa mfanyabiashara uhuru wa kupanga bei yake. Sawa, aipange. Lakini uhuru huo ni wa kabla ya kuuza. Vilevile Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa ordonansi-sheria (amri ya Rais yenye nguvu ya sheria) namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, imeiweka biashara ya mtandao na mikataba yake chini ya sheria, kwa hiyo muuzaji hawezi tena kudai kwamba mtandao ni uwanja usio na mwenyewe. Kinachokosekana ni mlango ambao mtu wa kawaida anaweza kuubisha. Lubumbashi ina mahakama ya biashara na mahakama za amani, lakini nani atamlipa wakili kwa ajili ya friza moja? Muuzaji analijua hilo, na ndiyo maana anaandika mistari miwili na kunyamaza.

Kwa hiyo ninaiomba Divisheni ya Uchumi ya mkoa wetu wa Haut-Katanga itenge ofisi ya kupokea malalamiko ya maagizo yaliyofutwa, hata kwa njia ya simu, na imtake muuzaji ajibu kwa maandishi kwa nini alifuta na lini alirudisha pesa. Itazame pia yale masharti marefu yanayowekwa chini kabisa ya kurasa za maduka, yanayosema kwamba duka linaweza kufuta agizo lolote, wakati wowote, bila maelezo. Wauzaji wenye maoni tofauti nao wajibu katika ukurasa huu, wakieleza ni kwa msingi gani wanakata gharama za kutuma pesa kutoka kwa mtu ambaye hakukosea chochote.

Wako katika kutafuta haki,
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi