Barua ya wazi kwa mdogo wetu: huyo mama usimpe kisu, mpe sweta

Mdogo wetu,

Mswada wako wa filamu fupi ya kutisha, ya mama anayembana mwanawe kwa malezi, una kurasa 22. Ukurasa mmoja uliopangwa kifilamu huchukua takriban dakika moja, kwa hiyo unatuomba dakika 22 za watu wawili ndani ya nyumba moja. Kumi na mbili zinatosha. Anza kwa kuitoa hotuba ya ukurasa wa 17, pale kijana anapomwambia mama kwamba anamnyima pumzi. Mtazamaji akishaambiwa, hofu inamtoka. Baba naye mtoe, hana kazi yoyote humo.

Kosa lenyewe hasa liko ukurasa wa kwanza. Mama anaingia akiwa jitu tayari: macho makali, kufuli mlangoni, muziki wa kutisha. Sasa atapanda kwenda wapi? Mama anayemlea mwanawe kama yai huingia na sweta mkononi. Kila analofanya, likitazamwa peke yake, liwe jambo ambalo mzazi yeyote ukumbini angelifanya. Mwigizaji wake usimwambie "kuwa mkali". Mwambie, "Unaogopa atapata baridi," basi, umwache.

Vile vifungo vya shati ndiyo filamu yako, nawe umevitumia mara moja ukavitupa. Virudishe mara tatu. Ya kwanza, mama anamfunga vifungo kijana wake wa miaka 19 huku wakizungumza mambo mengine; kamera ikae mbali, tuone chumba kizima. Ya pili, kijana anainua mikono ajifunge, mama anaishusha taratibu, bila kukemea. Ya tatu hakuna maneno: lenzi ya milimita 85, ile ya kuvuta karibu, vidole na koo tu, mpaka kifungo cha juu kabisa. Andaa mashati mawili yanayofanana, la pili kola yake ipunguzwe sentimita 2 hivi. Ngozi ijikunje kidogo, basi; mwigizaji asikabwe kweli. Mjaribishe siku moja kabla ya kurekodi, kwa sababu kola ikiacha alama nyekundu, shoti zote zitakazofuata hazitaungana.

Giza la picha usilitafute kwa kuzima taa. Kamera ikikosa mwanga utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na sehemu nyeusi zitajaa chembechembe ambazo hazisafishiki vizuri. Weka taa moja yenye nguvu upande wa dirisha, ukuta wa pili uufunike kwa kitambaa cheusi usirudishe mwanga, kisha rekodi picha ikiwa angavu kuliko unavyotaka. Utaitia giza wakati wa kurekebisha rangi. Kuongeza mwanga ambao haukurekodiwa ndiko kunakoshindikana.

Muziki toa wote. Badala yake rekodi ukimya wa chumba kwa sekunde 60, watu wote wakiwa wametulia mahali pao, ili mhariri awe na kitu cha kuziba mianya. Jokofu lichomolewe lisivume, funguo za gari ziweke humo ndani, hutaondoka bila kukumbuka kulichomeka. Vifungo virekodi peke yake, kipaza sauti kikiwa sentimita 20 hivi kutoka kwenye kitambaa. Pamba laini haitoi sauti ya maana, lakini shati lililotiwa wanga linakwaruza vizuri sana, na mkwaruzo huo ndio utakaowafanya watu washike shingo zao.

Halafu mwisho. Kumuua mama ni njia ya mkato, tena unamfungulia kijana mlango bure. Mwache mama hai, asafiri siku mbili. Asubuhi kijana amesimama peke yake mbele ya kioo, tunaona mgongo wake tu. Anajifunga mwenyewe, kifungo kimoja kimoja, kwa mwendo uleule wa mama. Anafika kile cha juu. Mkono unasita. Kisha tunasikia kitambaa kikikwaruza. Ukate hapo hapo, sauti ya kifungo imalizikie kwenye skrini nyeusi, na majina yasianze kabla ya sekunde 4.